Alipogomea Nakijwa

Mgeni huonyeshwa njia, mwana huambiwa jina. Mmeisikia asubuhi hii, shangazi wa bwana harusi alipoitamka mlangoni, na nyote mkaacha kumenya ndizi mkawa mnatazamana. Basi endeleeni kumenya, maana wageni hawatashiba maneno yangu, nami nitawaambia ilikotoka. Methali hii, kwa jinsi nilivyoipokea kwa mama yangu, naye akaipokea kwa mama yake, ilianza hivi.

Juu katika milima ya Upare palikuwa na kijiji kiitwacho Mlembea. Watu wa tambarare wakishataja kijiji na mto, wamemaliza. Watu wa Mlembea hapo ndipo walipoanza. Kwao kila kiraka cha ardhi kilikuwa na jina lake, na kila jina lilikuwa na habari yake. Palikuwa na Tua-Mzigo, ambapo hata mwenye kiburi hulazimika kuteremsha alichobeba. Palikuwa na Panapochelewa Jua, na ukishalijua jina hilo hupandi mahindi pale, unapanda magimbi na kunyamaza. Palikuwa pia na Walipoonana Wakwe, njia nyembamba kuliko zote, ambapo zamani mwanamume na mama mkwe wake, ambao kwa desturi hukwepana, walikutana uso kwa uso na hakuna aliyekuwa na pa kujificha. Ninayataja kwa Kiswahili ili mfahamu. Kwa lugha ya mlimani yanapendeza zaidi, ila ninyi lugha hiyo mmewaachia bibi zenu.

Sasa, bibi harusi alipoletwa Mlembea, akishatulia kidogo, mama mkwe wake alimwamsha asubuhi wakapanda mpaka kwenye chemchemi iliyolisha mfereji wa kijiji. Kisha walishuka wakiufuata mfereji, na kila walipofika mahali mama mkwe alisimama, akapakanyaga kwa mguu, akataja jina na habari yake. Bibi harusi naye alipakanyaga, akalirudia jina. Hivyo hivyo mpaka mlangoni pa nyumba. Desturi hiyo iliitwa kutajiwa. Hapakuwa na kuruka hata mahali pamoja, kwa sababu waliamini kwamba mahali ukiparuka leo, kesho patakuruka wewe.

Mwanamke ambaye hajatajiwa alikuwa mgeni, hata kama amezaa. Hakulima peke yake wala hakupewa zamu ya maji. Mbele yake watu hawakutaja majina ya mahali, kwa kuwa kutaja jina mbele ya asiyetajiwa kulihesabiwa sawa na kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Akiuliza njia, alionyeshwa kwa mkono: pita huku, ukifika pale kata kule. Kwa siku chache hiyo ni heshima. Ikizidi hapo inakuwa adhabu.

Ndipo akaja Mboni. Alikuwa binti wa tambarare, wa kando ya mto mkubwa, akaolewa na Mashambo wa Mlembea. Mashambo alikuwa mchapakazi, tena mpole kupita kiasi. Wenzake walisema kuku wakiingia ndani ya nyumba yake, yeye huwaomba watoke. Baba yake alikwisha kufariki. Alikuwa akikaa na mama yake, Nankondo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye kijiji kizima kilimheshimu.

Nankondo alimpokea Mboni vizuri, wala msidhani alikuwa mkwe wa kunyanyasa watu. Alimpa kigoda cha wageni, kile chenye miguu mizuri. Alimpa maziwa ya mgando yaliyo mazito, na nyama ikipikwa alimchagulia yeye kwanza. "Kula, mgeni wangu," alimwambia. Mboni alikula akishukuru, huku akingojea asubuhi ya kuamshwa.

Asubuhi hiyo haikuja. Kwanza Nankondo alisema magoti yanamuuma, wangoje kidogo. Magoti yalipopoa, mvua ikanyesha na njia zikateleza. Mvua ilipokatika, maharage yalikuwa tayari kuvunwa, na baada ya maharage mfereji ulikuwa unazibuliwa. Visingizio vya Nankondo vilizidi maharage yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, naye Mboni aliliomba hilo jembe kwa mikono miwili, na kila mara aliambiwa, "Kaa, mgeni wangu, pumzika."

Mwaka ukapita. Wanawake walioolewa baada yake walitajiwa, wakapewa mashamba, wakaanza kugombania zamu za maji kama wenyeji. Mboni akienda mferejini aliwakuta wakiongea kwa sauti, "Leo maji yanakwenda..." na wakimwona tu wananyamaza, wanamsalimu kwa upole, wanamsogezea nafasi ya kuchota. Upole ule ulimchoma kuliko matusi. Mtu akikutukana unaweza kumjibu.

Siku moja alimwuliza mumewe, "Mume wangu, mama nimemkosea nini?"

"Hukumkosea kitu."

"Basi mbona hanitajii?"

"Subiri kidogo," alisema.

"Hilo kidogo lina mwisho?"

Mashambo aliinama akawa anakwaruza tope kwenye jembe lake. Sababu aliijua. Lakini ilikuwa sababu ya mama yake, na Mlembea mtoto hakutoa kifuani mwa mama yake jambo ambalo mama mwenyewe hajalitoa. Mboni hakujua hayo. Yeye aliona kwamba hatakiwi, kwamba watu hawa, wastaarabu mno kumfukuza, wanangoja achoke mwenyewe. Akaumia sana, maana alimpenda Mashambo, na Nankondo pia alikwisha kumpenda.

Katika kuzurura kwake kwa mtu asiye na kazi, aligundua uwanda mdogo juu ya mfereji, penye jiwe jeupe. Mashamba yote ya jirani yalikuwa yamelimwa vizuri, ila hapo tu palikuwa na nyasi za kufika kifuani, na udongo wake ulikuwa mweusi, mwororo. Kwao tambarare, ardhi iliyolala karibu na maji ni ardhi inayongoja mtu. Mboni alikuwa na mbegu za maboga alizofungiwa na mama yake kwenye pindo la kanga siku ya kuondoka. Akachukua jembe la mumewe lililokatika mpini, akafyeka, akalima, akapanda.

Watu walimwona, na hakuna aliyemzuia. Wangemzuiaje? Ili kumwambia asilime pale ilibidi wapataje kwa jina, na kupataja mbele yake ilikuwa mwiko. Na hata kama ingekuwa si mwiko, jina la mahali pale lilikuwa halijatamkwa Mlembea kwa miaka mingi. Basi walimsalimu wakapita upesi. Mzee Kangero, aliyesimamia mfereji na kutangaza zamu za maji, alisimama kabisa, akakohoa, akatazama mbingu, akasema, "Mvua itanyesha." Kisha akaenda zake. Haikunyesha.

Maboga yaliota kwa furaha. Mboni alikwenda kila alasiri kuyapalilia, akiyasemesha kwa lugha ya kwao. Alikuwa anayaaga, kusema kweli. Kina mama waendao gulioni kule chini alikwisha kuwatuma kwa kaka yake Mkomwa: siku ya gulio lijalo apande mlimani amchukue, amechoka kuwa mgeni.

Kabla ya siku hiyo alitaka kumpikia mama mkwe wake chakula cha mwisho, bila kumwambia kwamba ni cha mwisho. Alichuma majani machanga ya maboga, akayapika kwa karanga. Nankondo alikula, akaongeza, akalamba vidole.

"Mgeni wangu, mboga hii umeitoa wapi? Siku nyingi sijala majani laini hivi."

Mboni hakuwa na jina la kumjibu. Akafanya kama alivyofundishwa. Alinyoosha mkono, akaonyesha. "Kule, mama. Juu ya mfereji, kwenye uwanda mdogo, penye jiwe jeupe."

Nankondo aliweka bakuli chini. Akainuka, akaingia chumbani mwake. Mboni alibaki ameshika mwiko, akajua kwamba amefanya kosa, asijue ni kosa gani.

Kulipokucha, Nankondo alichukua panga akapanda. Alipofika, Mboni alikuwa tayari yupo, amepiga magoti anapalilia. Maboga yalikuwa yametambaa uwanda mzima, yamelizunguka jiwe jeupe, na maua yake ya manjano yamefunguka yote kwa ubaridi wa asubuhi.

"Nani alikuambia ulime hapa?" Nankondo aliuliza.

Mboni alisimama, mikono imejaa udongo. "Hakuna aliyeniambia, mama. Wala hakuna aliyenikataza. Mwaka mzima hakuna aliyeniambia kitu."

"Unajua hapa panaitwaje?"

Swali lile lilimtoka kwa hasira, na papo hapo Nankondo akatamani alirudishe. Lakini neno likishatoka, limetoka.

"Nitajuaje, mama?" Mboni alisema taratibu. "Ninyi mnapaitaje, sijui. Mimi ninapaita Kwangu."

"Kwako?"

"Nisamehe. Si kwa kutaka kupatwaa. Kule nyumbani ninakalia kigoda cha wageni, ninapita njia za kuonyeshwa, ninachota maji ya zamu za wenzangu. Hapa tu ndipo nilipojileta mwenyewe. Nikaona nipape jina, palikuwa peke yake kama mimi." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Lakini usijisumbue na panga, mama. Nimemwita kaka yangu. Atakuja siku ya gulio anichukue. Maboga yatakuwa yenu."

Nankondo alitazama panga lililo mkononi mwake kana kwamba ameliokota njiani. Akaliweka chini. Kisha akakaa palepale katikati ya majani.

"Pana jina," alisema. "Hapa ni Alipogomea Nakijwa."

Mboni alipiga magoti karibu naye.

"Nakijwa alikuwa mwanangu," Nankondo alisema. "Kitinda mimba wangu, mdogo wake Mashambo. Tukirudi shamba alitembea vizuri, anaimba, anarukaruka, mpaka tufike hapa. Akifika hapa anakaa kwenye jiwe lile, anakunja mikono. 'Mama, miguu imesema basi.' Nami nina kuni kichwani. Nimbembeleze, hataki. Nimwambie fisi anakuja, ananiambia, 'Mlete huyo fisi anibebe.' Waliopita njiani walicheka mpaka wakatua mizigo. Kangero ndiye aliyeanza kupaita hivyo. Akitangaza maji pale mferejini, 'Leo maji yanakwenda Alipogomea Nakijwa,' basi mtoto anavimba, anawaambia wenzake kwamba yeye ana mahali na wao hawana."

Alicheka kidogo, na katika kucheka machozi yakamtoka.

"Ikaja surua. Ikamchukua. Na Kangero akaendelea kutangaza maji, maana maji lazima yatangazwe. Kila akitangaza mimi nilisikia kana kwamba mwanangu anaitwa na haitiki. Nikawaomba wanyamaze. Walinipenda, wakanyamaza, mpaka njia ikaota nyasi. Mboni, si kwamba sikukutaka. Kila asubuhi niliyosema leo nitamtajia, nilihesabu mahali kutoka chemchemi kushuka, nikaona kwamba kabla hatujafika mlangoni tutafika hapa, nami nitasimama mbele yako kinywa wazi. Kuruka haturuki. Basi nikakuacha uwe mgeni, ili mimi nisilie."

"Ungelia tu, mama," Mboni alisema, naye analia. "Ungelia mbele yangu. Mimi ningekushika."

Akamshika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ni kweli, na Mboni alikuwa hajazaa. Lakini alikijua kilio cha mtu aliyebaki peke yake, na kwa siku ile kilitosha.

Walipotulia, Mboni alisema, "Nitayang'oa maboga, mama. Sikujua."

"Thubutu!" Nankondo alisema, akipenga kamasi. "Mtoto yule alikuwa mlafi wa maboga, ungeshangaa. Uyaache." Akainuka, akampa mkono. "Haya, pakanyage. Sema."

Mboni alikanyaga udongo kwa mguu. "Alipogomea Nakijwa."

"Tena."

"Alipogomea Nakijwa."

Nankondo alifumba macho. Kwa miaka yote ile alidhani jina hilo likitamkwa litamwua. Halikumwua. Lilimuuma, naam, lakini liliuma kama mwiba unapotolewa, na nyuma yake kikaja kitu ambacho alikuwa amekisahau kabisa, sauti ya mtoto wake akisema miguu imesema basi. Kwa kuufukuza msiba alikuwa ameifukuza na sauti hiyo, maskini, pasipo kujua.

Wakaondoka palepale, na mikono yao ya udongo, wakapanda mpaka chemchemi kisha wakashuka. Nankondo alitaja, Mboni alirudia: Tua-Mzigo, Panapochelewa Jua, Walipoonana Wakwe, ambapo walisimama kidogo wakacheka wote wawili. Kwenye mfereji walimkuta Mzee Kangero. Alipofahamu wanachokifanya na walikoanzia, alifadhaika.

"Nankondo, kutajiwa huanzia kwenye chemchemi! Tangu lini watu wakaanzia katikati?"

"Tangu leo," Nankondo alimjibu. "Nimeanzia palipokuwa pamekwama. Na wewe Kangero, kesho maji yanakwenda wapi?"

Mzee alimtazama, akamtazama Mboni, akayaona macho yao mekundu. Alielewa. Alivua kofia yake, akapanda kwenye ukingo wa mfereji kama alivyozoea, akatangaza kwa sauti iliyotetemeka, "Kesho maji yanakwenda Alipogomea Nakijwa!" Chini mashambani watu walisimamisha majembe. Mashambo alikuwa mmoja wao. Alikaa kwenye tuta akalia bila kujificha, mpole yule, akilisikia jina la dada yake.

Siku ya gulio Mkomwa alifika kama alivyoagizwa, na kamba begani ya kufungia mizigo ya dada yake. Alipewa kigoda cha wageni. Alipewa maziwa mazito. Mboni alimwambia, "Kaka, siondoki tena," lakini Mkomwa hakuridhika. Alijua dada yake ni mtu wa kuvumilia, akafikiri ametishwa, au anamwonea mumewe huruma. Alikaa kutwa akimchunguza usoni, na usoni hakupata jibu la kumtuliza, maana mwanamke aweza kucheka mbele ya wakwe huku amekufa ndani. Ilipofika saa ya kuteremka bado kamba ilikuwa begani mwake.

Mboni na Nankondo walimsindikiza kwa njia ya juu, ya kuzungukia mashambani. Walipofika penye jiwe jeupe, njia ziligawanyika, na Mkomwa akasimama.

"Pazuri hapa," alisema. "Panaitwaje?"

Nankondo alimwachia Mboni ajibu. Naye Mboni, bila kuambiwa, alinyoosha mkono. "Shika njia ya kushoto, kaka. Ukifika pale kwenye mti, kata kule, utaona bonde."

"Nimeuliza jina, sikuuliza njia."

Mboni alitabasamu, asilitaje. Ndipo Nankondo alipomwekea Mboni mkono begani, akamwambia Mkomwa, "Usikasirike, baba. Ndivyo tulivyo huku. Mgeni huonyeshwa njia, mwana huambiwa jina."

Mkomwa alimtazama dada yake. Aliona jinsi alivyosimama pale, miguu yake imekanyaga udongo ule bila wasiwasi, kinywa chake kimefunga neno la watu wa mlimani kama wao wenyewe walivyolifunga. Hakuuliza tena. Alimkumbatia, akamuaga Nankondo, akashika njia ya kushoto.

Alipofika kwao kando ya mto, mama yake alikuwa amesimama uani, amekwisha kumtandikia binti yake kitanda. Alimwona mwanawe anakuja peke yake, na kamba bado imekunjwa begani.

"Yuko wapi mwenzako?" aliuliza. "Wamemkatalia?"

"Hawakumkatalia, mama."

"Amekataa yeye?"

Mkomwa alitua kamba chini. "Mama, tulisimama mahali, mimi na yeye. Niliuliza jina la pale, nikaonyeshwa njia. Na aliyenionyesha ni Mboni. Kwao huko mgeni haambiwi jina, huonyeshwa njia."

Mama yake alikaa kwenye kitanda alichokitandika, akalia, kwa sababu binti yake alikuwa amekwenda kabisa. Na alipokuwa analia akashukuru, kwa sababu huko alikokwenda binti alikuwa amefika. Majirani walipokuja kuuliza kulikoni, hakupata maneno mengine ya kuwajibu zaidi ya yale aliyoletewa kutoka mlimani, nayo yakashika njia kutoka mdomo hadi mdomo mpaka yakafika kwenye mlango huu wetu asubuhi ya leo: mgeni huonyeshwa njia, mwana huambiwa jina.